Kola ya Oddlaug

Kila mwaka mwezi wa Aprili, theluji ikianza kuyeyuka kwenye mitaro, wanawake wa huku kwetu hufungua makabati, hutoa bunad zao, hujaribu kuzivaa, na wote hutoa hukumu ile ile: imenywea. Bunad ni vazi letu la asili. Ni sketi ya sufu nzito, kizibao kilichotariziwa, shati jeupe la kitani lenye kola iliyosimama, na kooni vifungo viwili vya madini ya fedha vilivyounganishwa kwa kipingili kifupi. Halivaliwi ovyo. Tunalitoa sikukuu ya taifa, harusini, ubatizoni na siku ya kipaimara, kisha linarudi kabatini, na humo ndimo linamonywea, kwa maelezo ya wenyewe. Sisi hatunenepi. Kabati ndilo lenye makosa.

Nguo zote zilizonywea, kuanzia kanisani hadi kwenye gati ya kivuko, hupelekwa kwa wifi yangu Oddlaug, mjane wa kaka yangu Arnstein. Ni mwanamke mwembamba wa miaka sitini na tatu, mgongo umepinda kidogo kwa kuinamia vitambaa, pini mdomoni kutwa nzima, ukimwuliza jambo anakujibu kwa pua. Ana daftari lenye jalada jeusi. Kila mwanamke ana ukurasa wake humo: kifua, kiuno, nyonga, shingo, tarehe. Amewapima mama, mabinti na wajukuu, anajua nani aliolewa na mimba ya miezi minne, na hajawahi kumtaja mtu. Mimi niliendesha basi la shule miaka thelathini na moja na nina mdomo wa dereva, kwa hiyo nimejaribu. "Niambie kiuno cha mke wa mchungaji tu, wifi, nife kwa raha." Anatoa pini mdomoni moja moja, anazichomeka kwenye kimto, halafu anasema, "Kahawa yako inapoa."

Lakini kinyozi hajinyoi. Miaka mitatu iliyopita kola yake mwenyewe ilikataa kufunga. Alimwendea sonara akaunganishiwa vifungo vyake kwa kipingili kirefu zaidi. Mwaka jana ikakataa tena. Akafumua kola nzima, akakata nyingine pana, akajipima kwa futi yake ya kitambaa na kuandika kwenye ukurasa wake kama anavyoandika za wengine. Fundi wa kuwafumbua macho wanawake wa wilaya nzima, akitazama namba za shingo yake zikipanda, akaona kitani cha siku hizi hakina ubora.

Mwaka huu alilijaribu vazi lake mapema, mwezi wa Machi, kwa sababu mjukuu wake Tiril alikuwa anapata kipaimara Jumapili ya pili ya Mei. Nilikuwa jikoni kwake namenya viazi. Nikamsikia chumbani anasema, "Imenywea."

"Si imenywea, wifi, ni shingo imenenepa," nikamwambia. "Hatimaye umeanza kula."

Naijutia kauli hiyo mpaka leo. Alikuja jikoni na shati likiwa wazi kooni, akachukua kikombe changu, akasimama mbele ya kioo kidogo kilicho juu ya sinki, akanywa. Kisha akaniita kwa jina langu, jambo asilolifanya mara nyingi.

"Magnhild. Njoo uone."

Nikaenda na kisu mkononi. Alikunywa tena. Upande wa kushoto wa koo, chini kidogo ya pale ambapo wanaume wana kile kifundo chao, kitu cha ukubwa wa yai la kware kilipanda chini ya ngozi, kikashuka.

"Meza tena," nikamwambia.

Akameza. Kikapanda, kikashuka. Tulisimama pale wanawake wazima wawili tukitazama koo la mmoja wetu likimeza mate, na viazi vilivyokwisha kutiwa jikoni vikachemka mpaka maji yakamwagika kwenye jiko.

Daktari wetu wa kijijini anaitwa Eivind, na kizibao alichofungia ndoa kilishonwa na Oddlaug. Alimgusa shingo kwa vidole viwili, akamwambia ameze, akamwuliza kama anapata shida kula, kama sauti imebadilika, kama kuna mtu kwao aliyewahi kuugua tezi ya shingo. Oddlaug akasema bibi yake alikuwa na rovu kubwa, alivaa kola ndefu mpaka kaburini. Eivind akauliza kimekuwapo tangu lini.

"Sijui," alisema Oddlaug.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni kwa sababu mimi ndiye niliyemwendesha. Nikasema, "Daftari linajua."

Aligeuka akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kulipata kwake tangu alipoolewa na kaka yangu. Lakini daftari lilikuwa kwenye mkoba wake, hatembei bila hilo. Akalifungua kwenye ukurasa wake, akamsomea daktari kwa sauti ya fundi: miaka mitatu nyuma, shingo sentimita thelathini na nne. Mwaka uliofuata, thelathini na tano na nusu. Mwaka jana, thelathini na saba. Alipomaliza hakulifunga. Alibaki ameliangalia, na nikaona masikio yake yakiwa mekundu kwa aibu, kama msichana aliyekamatwa anaibia mtihani.

Eivind akamwambia kwa upole kwamba uvimbe kwenye tezi hiyo ni jambo la kawaida sana kwa wanawake wa umri wake. Kati ya kumi, tisa si kitu. Lakini atampeleka hospitali wakapige picha na kutoa seli kwa sindano, ili tujue.

Tulipofika kwenye gari nikamwambia, "Umesikia? Tisa kati ya kumi."

"Katika mashati kumi ninayoshona," alisema, "moja hurudi."

Hiyo moja ndiyo aliyoishi nayo tangu siku hiyo. Zile tisa zilikuwa zangu, na mimi ndiye niliyezirudia kila siku mpaka nikazichoka.

Kabla hatujafika nyumbani alinishika mkono nikiwa naendesha, na akatamka lile nililokuwa naliogopa. "Ingunn asijue. Sio kabla ya kipaimara."

Hapa inabidi nieleze. Ingunn ni binti yake wa pekee, anaishi Bergen na mumewe na Tiril, mwendo wa saa nne. Miaka sita iliyopita kaka yangu alipougua saratani ya kongosho, yeye na Oddlaug walikubaliana wasimwambie, maana mtoto alikuwa na mambo mengi kazini. Watamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Ingunn alipoitwa, baba yake alikuwa hamtambui tena, alimwita kwa jina la dada yetu mkubwa aliyekufa utotoni. Baada ya mazishi, kwenye ukumbi wa parokia, watu wakiwa na kahawa na keki mkononi, Ingunn alimwambia mama yake kwa sauti ya chini kabisa, "Ukinificha tena, siku yako ikifika hutaniona." Oddlaug aliapa hatamficha. Nilisikia, nilikuwa nimeshika birika.

"Uliapa," nikamwambia kwenye gari.

"Najua nilivyoapa."

"Mficha maradhi kilio humfichua, wifi."

"Magnhild, mtoto ana siku moja. Siku moja tu. Niachie."

Nikamwachia. Sina cha kujitetea.

Hospitali iko ng'ambo ya ghuba, kivuko kimoja na mwendo wa saa moja na nusu. Tarehe ishirini na moja ya Aprili walimlaza chali, wakampaka kitu cha baridi shingoni, wakamtazama ndani kwa mashine, wakamchoma sindano mara tatu. Alitoka na plasta ndogo kooni. Nikamwuliza ikoje. Akasema, "Wana mkono mzuri. Sindano nyembamba, hawavuti." Majibu yatachukua wiki mbili, pengine tatu.

Nikafikiri sehemu ngumu imekwisha. Wapi! Sindano ni dakika kumi. Wiki tatu ni wiki tatu, na kila siku ina asubuhi yake.

Wiki ya kwanza aliogopa, na hofu nilijua cha kuifanya. Nilimnyang'anya ile kompyuta bapa yake nikaenda nayo kwangu, kwa sababu alikuwa anasoma humo kila aina ya kifo. "Ukiendelea hivi utakuwa umekufa mara tatu kabla ya chakula cha mchana," nikamwambia. Nilimtembeza mpaka kwenye mnara wa taa na kurudi, mvua inyeshe isinyeshe. Nilimpikia uji mzito wa malai ya maziwa, ule wa sikukuu, akala vijiko vinne. Mkono wake wa kushoto ulikuwa hautulii, kila mara shingoni. "Shika sindano, wacha shingo," nilimwambia, na akashika sindano, kwa sababu bunad aliyokuwa akimshonea Tiril ilikuwa bado na kifua kizima cha kutia shanga.

Wiki ya pili hofu ikaondoka, na kilichokuja badala yake sikukijua. Alikuwa anakaa. Alishona, ndiyo, mshono wake haukupinda hata mmoja, lakini akimaliza uzi alikaa na sindano tupu mkononi, dakika tano, dakika kumi, mpaka mimi nimtilie mwingine.

"Unaogopa?" nilimwuliza siku moja.

"Hapana. Nimechoka tu." Akafikiri. "Ni kama nimebebeshwa ndoo, nimefika, na hakuna anayeniambia nitue wapi."

Nami nilichoka. Kama mnataka mema yangu tu, mtaniwia radhi. Nilichoka kumchangamsha mtu asiyechangamka, nilichoka na kivuko, nilichoka na zile tisa zangu. Nilimkasirikia kwa kujitia ngangari, shali la hariri shingoni hata akienda kutoa takataka, akiwaitikia watu habari nzuri, nzuri sana. "Unataka kufa na tai shingoni wewe," nikamwambia, na nilikuwa sitanii. Jioni Ingunn alikuwa akinipigia simu.

"Shangazi, mama ana nini? Sauti yake imekuwa nzito."

"Mafua."

"Wiki tatu?"

"Mafua ya huku kwetu unayajua."

Akacheka. Nilimdanganya mtoto wa kaka yangu naye akacheka, nikakata simu nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jambo moja nililiona nikalielewa vibaya. Nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea bunad yake mwenyewe ilikuwa imetundikwa, imefunikwa shuka, na nikiingia tu alikuwa anasukuma mlango ukutani. Nikaona vipande vya kitani kwenye kapu la takataka. Nikajua anapanua kola tena, na anaona haya nisimwone. Nikanyamaza. Kwa mara moja maishani mwangu nikajisifu kwa kunyamaza.

Siku ya kipaimara majibu yalikuwa hayajafika. Ingunn, mumewe na Tiril walikuja Jumamosi, wakalala. Jumapili saa tatu asubuhi nikaenda kwao nimeshavaa bunad yangu, ambayo imenywea vibaya mno mwaka huu. Tiril alikuwa amesimama katikati ya sebule, miguu ikiwa na soksi nyeupe, amevaa vyote, kola tu haijafungwa. Kwetu aliyeshona ndiye anayefunga kifungo cha kwanza. Oddlaug akafunga, akavuta kizibao chini kidogo, akarudi nyuma hatua mbili, akamtazama kwa jicho la kazi. Hakuona kosa. Mimi niliona msichana mrefu mwenye chunusi mbili ambaye ghafla anafanana na mama yangu, machozi yakanitoka.

"Shangazi, bado hatujafika hata kanisani," Ingunn akanitania.

"Vumbi," nikasema.

Ndipo Ingunn akamgeukia mama yake. Oddlaug alikuwa na gauni lake la bluu la kawaida, na lile shali. "Mama, nenda kavae, muda unakwenda."

Oddlaug akaingia chumba cha kushonea, akatoka na bunad yake kwenye kiango, imepigwa pasi, na kisanduku cha vifungo na bizimu zake zote za fedha. Akamkabidhi Ingunn.

"Jaribu hii," alisema. "Ya kwako ililiwa na nondo, usiende kanisani na gauni la ofisini."

Ingunn alicheka, akasema haitamtosha, mama yake ni mwembamba kama uzi. Lakini akaichukua, akaenda chumbani, akarudi. Ilimkaa. Kiunoni, kifuani, urefu wa sketi, vyote. Akaweka vifungo kooni na vikafunga bila kuvutwa, kwa kile kipingili kifupi cha zamani ambacho Oddlaug alikuwa amekihifadhi kwenye kopo la vifungo. Ingunn akajitazama kwenye kioo. Alikuwa mzuri, na kwa muda mdogo sana alifurahi. Akageuka upande mmoja, akageuka wa pili, akapitisha vidole ndani ya kola.

Kisha nikaona vidole vimesimama.

"Mama," alisema. "Kola hii imekatwa upya."

"Ndiyo."

"Imekatwa kwa shingo yangu. Wewe utaivaaje?"

"Mimi sitaivaa tena."

Hata mumewe Ingunn, ambaye ni mtu wa Oslo na mambo mengi yanampita, aliweka simu aliyokuwa anapigia picha. Kwetu mwanamke mzima anayesimama kwa miguu yake hatoi bunad yake. Anaweza kuazimisha, anaweza kuahidi. Lakini kuikata kwa mwili wa binti yake, na kumpa pamoja na fedha zake zote kwenye kisanduku, hilo hufanywa na aliyekwisha kujihesabu kuwa wa kufa. Kila mtu anajua, hata mtoto wa kipaimara anajua. Mimi niliyemwona akisukuma mlango wiki tatu nilikuwa sijajua.

"Mama, una nini?"

"Ibada ni saa tano. Tutachelewa."

Ingunn alimsogelea, akafungua shali. Halikuwa na fundo, lilianguka lenyewe. Oddlaug alimeza mate, na ndipo hasa hakupaswa kumeza.

"Tangu lini?"

Nikajibu mimi. "Machi."

Ingunn akanigeukia. Ana macho ya kaka yangu na ilikuwa vigumu kuyaangalia. "Mafua, uliniambia."

"Nilisema mafua."

"Bibi," Tiril aliita kutoka pale alipokuwa amesimama, mikono imekaa mbali na mwili asije akakunja vazi. "Unakufa?"

Na Oddlaug, aliyemwambia kila mtu habari nzuri kwa wiki saba, alimtazama mjukuu wake akasema, "Sijui, mwanangu. Hawajaniambia bado."

Alikalia mkono wa kochi. Nilidhani Ingunn atapiga kelele, na kusema kweli ningefarijika. Hakupiga. Alisimama mbele ya kioo, akafungua vifungo vya kooni, akavua kizibao, akavua sketi, akavua shati, palepale mbele yetu sote, akavirudisha kwenye kiango kimoja kimoja. Akavaa gauni lake la ofisini.

"Ulikuwa umeshajizika ukiwa hai," alimwambia mama yake, huku anafunga zipu. "Umekaa hapa na mkasi, umenipima kwa makadirio, umeniachia urithi. Kunipigia simu kumekushinda."

"Nilitaka mtoto apate siku yake."

"Ulitaka kutonisikia nikilia."

"Na hilo pia," Oddlaug alisema.

Tulikwenda kanisani. Kama hujaishi kwetu hutaelewa ilikuwaje. Kanisa zima lilikuwa linametameta, wanawake wa kila rika na fedha vifuani, na katika benchi la mbele, familia ya fundi mwenyewe, aliyewashonea nusu yao, mama na binti wamevaa magauni ya dukani kana kwamba wamepita tu kuuliza njia. Watu walitukodolea macho kwa heshima, kama tunavyofanya sisi, yaani kwa kuinamia vitabu vya nyimbo. Shali lilibaki nyumbani. Ingunn alimshika mama yake mkono tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na alikuwa bado amekasirika, nilimwona taya. Vidole vya Oddlaug vilikuwa vyeupe kwa jinsi alivyobanwa.

Mumewe na Tiril walirudi Bergen jioni. Ingunn aliomba ruhusa kazini akabaki, akasema hatoki mpaka simu ilie.

Ililia Jumatano, saa nne na nusu. Tulikuwa watatu mezani, mkate na jibini ya kahawia mbele yetu, hakuna aliyekula. Oddlaug aliweka simu katikati ili wote tusikie. Hilo nalo lilikuwa jipya. Daktari wa hospitali alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole na haraka kidogo. Alisema wameziangalia seli. Hazionekani kuwa mbaya. Hazionekani pia kuwa salama kabisa. Kwa sindano peke yake hawawezi kusema zaidi, hutokea, na njia ni kuondoa nusu ya tezi pamoja na uvimbe, kisha kuutazama wote. Tarehe kumi na moja ya Juni kama inamfaa. Baada ya hapo majibu yatachukua wiki kadhaa.

"Inanifaa," Oddlaug alisema, akashukuru, akabonyeza kitufe.

Saa ya ukutani ya kaka yangu, ambayo haijawahi kwenda sawa, iligonga.

"Basi nimengoja ili niambiwe ningoje," alisema. Hakulia. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama maji ya kufulia. "Siwezi tena, Magnhild. Sio kwamba sitaki. Siwezi."

Zile tisa zangu nilikuwa nimezimaliza. Ni Ingunn aliyeinuka. Akaenda chumba cha kushonea, tukamsikia anavuta droo, akarudi na futi ya kitambaa, penseli na daftari jeusi.

"Usiguse hilo," Oddlaug alisema mara moja. "Mna watu humo."

"Nataka ukurasa mmoja tu. Kaa wima."

"Unafanya nini?"

"Lile shati nimelichukua," Ingunn alisema. "Umenipa, siwezi kulirudisha, litakuwa langu siku yake ikifika. Kwa hiyo wewe huna. Unahitaji jipya. Inua kidevu."

Hakuna aliyewahi kumpima Oddlaug. Yeye ndiye mpimaji, tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Aliinua kidevu polepole, na binti yake akamzungushia futi shingoni, akaipitisha juu ya ule uvimbe bila kuuruka na bila kuukaza.

"Unaivuta mno," Oddlaug alisema. "Kidole kimoja kikae ndani. Watu wanapumua."

Ingunn akaingiza kidole. "Thelathini na saba na nusu."

"Kazi bure. Wakishanipasua itapungua. Utaharibu kitani."

"Nitapima tena."

Akafungua ukurasa wa mama yake, akaandika chini ya zile namba nyingine kwa mwandiko wake mbaya: Mei, 37½. Hakuinua penseli. Akaandika mstari wa chini yake, Agosti, akaweka alama ya nukta mbili, na mbele yake akaacha nafasi tupu.

Oddlaug alilivuta daftari karibu. Aliitazama ile Agosti kwa muda mrefu. Kisha akalaza paji la uso juu ya ukurasa na kulia kwa sauti, kilio kibaya cha mtu asiyejua kulia, na futi bado inamning'inia shingoni. Ingunn akamkumbatia mgongo. "Nimechoka, mwanangu," alikuwa anasema humo ndani ya karatasi. "Nimechoka, nimechoka."

"Najua, mama. Tua kidogo."

Tukampeleka kwenye kochi, akalala pale pale na viatu miguuni, saa tano ya asubuhi, yeye ambaye hajawahi kulala mchana. Mimi nikakusanya vikombe. Daftari lilikuwa limebaki wazi mezani, majina ya wanawake wote wa wilaya yako ndani, na mke wa mchungaji ni kurasa nne tu mbele. Nililifunga nikalirudisha kwenye droo.